Miguu ya jioni, uso wa asubuhi: kisa cha mama mjamzito katika mji wa mpakani

Usuli

Tutamwita Mama Zawadi. Si jina lake, na mambo mengine ambayo yangemtambulisha nimeyaondoa au kuyabadilisha. Alikuwa anakaribia miaka thelathini, ana mimba ya tatu, na watoto wake wawili wa kwanza alijifungua kwa njia ya kawaida bila shida. Anaishi katika mji mmoja wa mpakani, mashariki mwa Uganda, ambako Msamia, Mteso, Mganda na Mluhya wa ng'ambo, upande wa Kenya, wote wanapatana bei kwa Kiswahili. Anauza mukene, yaani dagaa, na nyanya sokoni. Mumewe ni utingo wa malori, na mara nyingi yuko safarini wiki nzima au zaidi. Nyumbani anaishi na mama mkwe.

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya cha daraja la tatu. Tunazalisha, lakini hatuna chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezea. Hivyo utavikuta daraja la nne au hospitalini. Siku ya kliniki ya wajawazito tunakuwa wakunga wawili, na foleni inafika hadi kwenye mti wa mwembe nje ya geti.

Ninaandika kisa hiki kwa sababu ya maneno matatu niliyomwambia mama huyu: "Ni mimba hiyo." Nilikuwa nimeyasema mara nyingi kabla yake, na karibu kila mara nilikuwa sahihi.

Wiki ya 29

Alikuja kliniki akiwa na wiki 29. Ilikuwa mara yake ya pili tu. Ya kwanza alikuja na wiki 20. Presha ilikuwa 110/70. Mtoto alikuwa anacheza vizuri. Nilimpa Fansidar ya kumkinga na malaria, akaimeza mbele yangu, na vidonge vya damu vya mwezi mmoja.

Akiwa anafunga leso yake aondoke, alisema mgongo unamuuma chini kabisa, miguu inavimba ikifika jioni, na usiku shavu la mguu linakaza mpaka anapiga kelele. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kupokea kitabu cha mama mwingine. Nikamwambia, "Ni mimba hiyo, mama. Vumilia, utazaa." Akacheka kidogo, akaenda.

Kitabibu sikusema uongo. Mgongo, miguu ya jioni na misuli kukaza ni mambo ya kawaida mimba ikishakuwa kubwa: uzito umehamia mbele, homoni zimelegeza viungo vya nyonga, na tumbo linabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Lakini yeye hakuja kuuliza kama ni kawaida. Alikuja kuuliza afanye nini, na kwa swali hilo aliondoka mikono mitupu. Hakurudi wiki ya 30 wala ya 31.

Wiki ya 33, nyumbani kwake

Aliyemfikia ni mhudumu wa afya wa kijiji, VHT wa mtaa wao, mama mmoja mtu mzima ambaye hana haraka. Alimkuta amelala chali chini ya mwembe mchana, siku ambayo si ya kupumzika sokoni. Akaketi naye. Hakuanza na kliniki. Alianza na usiku: unalala saa ngapi, unaamka mara ngapi, unalalia wapi. Kisha akaomba aoneshwe dawa zote zilizomo nyumbani.

Mfuko wa karatasi ukaletwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya damu karibu vyote nilivyompa, na diklofenaki iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Chini kabisa palikuwa na vipande vinne vya udongo wa kula, ule bumba unaouzwa sokoni kwa mafungu, kimoja kimeng'atwa.

Hadithi ikatoka kidogo kidogo. Vidonge vya damu vilimpa choo cheusi na kigumu, akaogopa kwamba vinamwoza tumbo, akaviacha. Diklofenaki alipewa kwenye duka la dawa karibu na stendi, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na ilimsaidia mgongo kweli. Udongo alikuwa anaula tangu mwezi wa tatu, mama mkwe akijua, sisi tukiwa hatujui. "Mngeniulizia wapi?" alimwambia VHT. "Pale mnaita namba."

Kesho yake walikuja pamoja. Presha 118/74. Damu gramu 8.6, wakati mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Midomo na viganja vilikuwa vimepauka. Ni jambo ambalo ningeliona wiki ya 29 kama ningeinua macho. Miguuni, nilipobonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, palibaki kishimo kilichojaa taratibu. Mikono na uso vilikuwa sawa. Vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vimeisha wiki hiyo.

Tulichokubaliana, na kwa nini

Safari hii nilimwita mwisho wa foleni, ili asiwepo mtu wa kutuharakisha, na mama mkwe akaingia naye. Huo ndio uamuzi wa kwanza, na nauona ndio uliobeba mengine yote. Ukimwambia mke wa mtu alale mchana na asibebe ndoo, mwenye kaya ndani ya chumba lazima awe amesikia.

Diklofenaki tuliisimamisha siku hiyo hiyo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Badala yake akapewa parasetamo kwa siku ambazo maumivu yamemzidi. Kidonge pekee hakimtoshi mtu anayeinamia beseni toka alfajiri, kwa hiyo tulizungumza juu ya beseni lenyewe: lipandishwe juu ya kreti mbili, yeye akae kwenye kiti chenye mgongo, kreti ya tatu iwe ya kuwekea miguu. Kubeba mzigo toka kwenye gari kuwe kazi ya kijana wa mkokoteni.

Kulala: ubavu, wa kushoto au wa kulia, asilale chali. Baada ya wiki ya 28 tumbo la mama aliyelala chali hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto hupungukiwa. Mto wa pili hana, basi leso mbili tukazikunja nene, moja ikae katikati ya magoti na nyingine chini ya tumbo. Nilimwonesha pale pale kwenye kitanda cha kupimia. Alipolala hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sista, hii ungenionesha siku ile."

Shavu la mguu linapokaza: kunyoosha goti na kuvuta vidole vya mguu kuelekea usoni, si kusimama ghafla gizani. Na alinyooshe hivyo kabla ya kulala. Kiungulia hakunitajia, mama mkwe ndiye aliyetaja kwamba anakula kalo nzito, ule ugali wa wimbi au muhogo, saa tatu usiku na kujitupa kitandani. Chakula cha jioni kikasogezwa mapema na kupunguzwa, kingine akile mchana.

Vidonge vya damu ndivyo vilivyotuchukua muda. Nilimweleza kwamba choo cheusi ni chuma ambacho mwili haukukichukua, si kuoza. Kwa upungufu alio nao nikaongeza kipimo. Avimeze na chungwa, msimu ulikuwa wa machungwa ya Teso, na chai ikae mbali navyo, saa moja au mbili, kwa sababu majani ya chai hushika chuma tumboni kisifyonzwe. Alikuwa akivimeza na chai ya asubuhi, vichache alivyowahi kumeza. Dawa ya minyoo alipewa siku hiyo, na mukene wake mwenyewe aanze kuula badala ya kuuza wote, pamoja na dodo, yaani mchicha, na maharage.

Juu ya udongo sikumgombeza. Hamu ya udongo na upungufu wa damu mara nyingi hutembea pamoja, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kufyonzwa na kuleta minyoo. Nilimwomba apunguze kwa nusu, kisha tena nusu, na akitamani kutafuna atafune karanga au karoti. Mama mkwe hakufurahi. Kwao udongo humpa mtoto mifupa. Hatukubishana.

Halafu maji. Nilimwambia anywe maji mengi, choo kitalainika. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Nikinywa, nitakwenda wapi? Choo cha soko ni shilingi mia mbili kila ukiingia. Mimba hii inanipeleka mara saba. Hiyo ni faida ya fungu zima la nyanya." Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kila siku ninawaambia wajawazito wanywe maji. Hakuna aliyewahi kunipigia hesabu ile. Kumbe wengi wanaotuambia "ndiyo sista" wanashinda na kiu toka alfajiri mpaka jioni kwa makusudi, na sisi tunawatibu choo kigumu na maumivu ya mkojo mwezi baada ya mwezi. VHT ndiye aliyekwenda kuongea na mlinzi wa choo. Wakapatana shilingi mia tano kwa siku nzima, aingie anavyotaka, mpaka ajifungue.

Jambo la mwisho lilichukua dakika tano. Nilimshika mguu, nikabonyeza, nikamwonesha kishimo. "Huu ni uvimbe wa jioni. Unakuja ukikaa, unapungua ukilala na miguu juu. Huu tunaujua." Kisha nikamgusa uso na pete ya kidoleni. "Ukiamka asubuhi uso umevimba, au pete haitoki, au kichwa kinauma na parasetamo haikitulizi, au macho yanaona nyota, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, huo si wa jioni. Usingoje tarehe. Na mtoto akipunguza kucheza, vile vile." Nilimwomba anirudishie kwa maneno yake. Alisema, "Miguu ya jioni nivumilie, uso wa asubuhi nikimbie." Mama mkwe akarudia.

Wiki ya 36 na Jumamosi iliyofuata

Wiki ya 36 alikuja mwenyewe. Mgongo ulikuwa umepungua, analala saa nne mfululizo, choo kimekuwa laini. Damu ilikuwa gramu 9.7. Presha 132/84. Nikaandika, nikampa tarehe ya wiki mbili mbele. Vijiti vya mkojo bado vilikuwa havijaletwa. Hapa naomba msomaji akumbuke 110/70 ya wiki ya 29.

Ijumaa jioni ya wiki ya 37 kichwa kilianza. Alimeza parasetamo, akalala. Jumamosi aliamka macho yamebana. Mama mkwe alisema amelala sana, na Jumamosi ni siku ya soko kubwa, hivyo akaenda. Saa nne asubuhi, akipokea chenji, aliona kidole chenye pete kimekuwa kama soseji. Akaomba sabuni kwa jirani, akapaka, akavuta, ikakataa. Akafunika nyanya kwa gunia na kupanda boda.

Alifika kwetu kabla ya saa sita mchana. Presha 164/110. Nikarudia baada ya dakika kumi na tano: 162/110. Kijiti cha mkojo tulikiazima kwenye kliniki ya jirani, protini alama tatu. Alisema taa zinametameta. Mapigo ya mtoto yalikuwa mazuri.

Hakukuwa na cha kujadili. Hii ilikuwa presha ya mimba iliyofika hatua kali, na inayofuata ni kifafa cha mimba. Tulimpa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, gramu 4 polepole mshipani na gramu 10 kwenye makalio, tano kila upande, pamoja na nifedipini ya kushusha presha. Tuliamua kumpa pale pale kabla ya safari, kwa sababu kifafa hakingojei hospitali, na barabara ni ile mnayoijua.

Gari la wagonjwa lilikuwepo. Mafuta hayakuwepo. Mumewe alikuwa Elegu, mpakani na Sudan Kusini, akatuma shilingi elfu hamsini kwa simu. Tulitoka saa nane kasoro, mkunga mwenzangu akiwa amekaa pembeni yake na dawa mkononi.

Matokeo

Kwa kuwa wiki 37 zilikuwa zimetimia hospitali haikungoja. Walimwanzishia uchungu usiku ule. Jumapili jioni alijifungua mtoto wa kike, kilo 2.6, akalia mara moja. Magnesiamu iliendelea saa 24 baada ya kujifungua. Kifafa hakikutokea. Alibaki wodini siku nne, kwa kuwa presha ya namna hii huweza kupanda tena siku ya tatu au ya nne wakati watu wamekwisha anza kupongezana. Wiki moja baadaye kwetu ilikuwa 146/94 akiwa kwenye dawa; wiki ya sita ilikuwa 118/76 bila dawa. Damu ilichelewa zaidi kurudi, na alilalamika uchovu kwa muda mrefu.

Uchambuzi: kilichofaa

Leso katikati ya magoti haikuzuia presha. Wala kreti, wala choo cha mia tano. Presha ya mimba inaanzia kwenye kondo la nyuma, na hakuna namna ya kukaa inayoiondoa. Ninalisema wazi kwa sababu tulipojadili kisa hiki kituoni, mwenzangu mmoja aliuliza basi vilikuwa na faida gani.

Faida ni kwamba alirudi. Mama ambaye mgongo wake umesikilizwa na ukapungua anakuja wiki ya 36 bila kutafutwa, na akikwama na pete yake kwenye soko anaona kuna mahali pa kuipeleka. Wiki ya 29 nilimfundisha kwamba malalamiko yake hayana uzito kwetu. Angekuwa na akili ya kawaida tu, Jumamosi ile angejiambia tena ni mimba hiyo.

La pili ni kulinganisha. Bango letu ukutani lina dalili za hatari tisa, na "kuvimba" ni mojawapo. Kwa mama ambaye miguu yake imevimba kila jioni katika mimba zote tatu, neno hilo halina maana yoyote. Kilichomsaidia ni kuoneshwa kwenye mwili wake mwenyewe uvimbe upi ni upi. Hata maneno aliyoyabuni yalikuwa bora kuliko yangu, na sasa tunayatumia.

La tatu ni VHT kuanza na usingizi. Angeanza na "mbona hukuja kliniki", mfuko ule wa karatasi usingetoka.

Kilichotuangusha

Presha ya 132/84 haikuwa ya hatari kwa kuitazama peke yake. Lakini ilikuwa imepanda toka 110/70, kwenye kitabu kile kile, kurasa mbili nyuma, na hakuna aliyefunua. Kwa mama wa namna hiyo, kwenye wiki ya 36, bila kipimo cha mkojo, tarehe ilitakiwa iwe ya siku chache mbele. Hili ni langu, sitalisukumia vijiti.

Ingawa vijiti navyo vina kesi yake. Kliniki ya wajawazito isiyoweza kupima protini kwa zaidi ya wiki tatu imebaki na nusu ya jicho. Tuliagiza, tukaandika barua, tukangoja. Kumbe kliniki ya jirani walikuwa navyo, na Jumamosi tulivipata kwa dakika kumi kwa sababu tulikuwa na hofu. Wiki ya 33 na ya 36 hatukuwa na hofu, kwa hiyo hatukuvuka barabara.

Hatukumuuliza pia habari za ukoo. Hospitalini ndiko ilikojulikana kwamba mama yake mzazi aliwahi kupata presha akiwa mjamzito. Hilo peke yake lisingebadilisha dawa zake, lakini lingetufanya tumpime mara kwa mara zaidi.

Kuhusu diklofenaki, siwezi kudai ndiyo iliyoleta presha. Dawa hizo huweza kuipandisha, yeye aliziacha wiki nne kabla, na mimba huleta presha bila msaada wa duka. Niliona tu nisimwache muuzaji hivi hivi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa akija mwingine analia mgongo, saa mbili usiku, nyinyi mmefunga, nimpe nini?" Nikamwambia parasetamo, halafu nikamwonesha namna ya kukunja leso. Alitoa boksi la diklofenaki rafuni, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu yake MWENYE TUMBO HAPANA, akalirudisha.